Ati nikimeza maneno ya Kinorwei inatosha? Jibu langu hili hapa

Wadogo zangu mnaoniuliza kila siku kama mkimeza maneno kwenye app mtatua huku Norwei mnaongea, nawaambia ukweli, maneno mtayapata ila kinachotutesa sisi Waswahili ni wapi pa kukazia sauti. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, wala hatufikirii, sasa hawa jamaa wakiunganisha maneno mawili matatu nguvu yote inaenda kwenye lile la mbele. Stasjon peke yake unakaza mwisho, sta-SJON, lakini jernbanestasjon, stesheni ya treni, unakaza JERN huko mwanzo kabisa na sjon inabaki na kanguvu kadogo tu. Halafu sio kila mara silabi ya kwanza, polisi ni poli-TI, kwa hiyo kituo chao ni poliTIstasjon. Ukisema barneHAge kwa chekechea badala ya BARnehage mtu anakukodolea macho, anahamia Kiingereza, na akishahamia ndo basi tena hujifunzi kitu.

Na neno kuu, lile linalosema kitu chenyewe ni nini, linakaa nyuma, sio kama mwanajeshi au mwanasheria wetu ambapo mwana anatangulia. Hii itawakuta kazini, maana wengi tunaanzia kulea wazee, na huko sykehus ni hospitali, sykehjem nyumba ya wazee, sykepleier nesi, sykemelding karatasi ya daktari ya kupumzika, zote zimekazwa SY mbele, kinachozitofautisha ni huo mwisho ambao hawaukazi sana! Mtu anakabidhi zamu mbio mbio, ukisikia syke usiitikie ja ja, yaani ndiyo ndiyo, subiri amalize, kupeleka mzee sykehus na kumrudisha sykehjem ni vitu viwili.

Kuna na kale ka-s ka katikati, glasi ya divai ni vinglass, ya divai nyekundu rødvinsglass, s imeingia kwa sababu rødvin yenyewe tayari ni maneno mawili, ila msiitegemee sana hiyo sheria, fotballkamp, mechi ya mpira, haina s ingawa fotball nayo ni maneno mawili, fot na ball.

Kuandika ni pamoja, bila nafasi. Lammelår ni paja la mwanakondoo, lamme lår ni mapaja yaliyopooza. Hilo hata wenyewe wanakosea kila siku na wanagombezana mitandaoni, kwa hiyo msiogope, pambaneni na sauti kwanza.