Jibu: Mtoto anaanza darasa la kwanza, nitarajie nini?

Waalaykumu salaam dada. Umeuliza utarajie nini mwaka huu, mwanao akianza darasa la kwanza hapo Chake Chake, Pemba. Kubwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Miezi ya mwanzo usishangae daftari likirudi na mistari miwili tu, tena imepinda. Mkono bado mchanga.

Ulizia mapema ataingia mkondo gani. Kwenye skuli zilizojaa, wengine husoma asubuhi na wengine mchana, na hilo ndilo litakalopanga saa za chuo (madrasa ya Qur'ani), chakula na usingizi. Mtoto wa mchana akitoka chuoni akaenda skuli bila ya kula, atasinzia, na mwalimu atadhani ni mzito wa kufahamu. Hili naliona sana na linaniuma.

Kama haoni vizuri ubaoni au hasikii sawasawa, mwambie mwalimu wa darasa wiki za mwanzo, amkalishe mbele. Ripoti ya muhula ikija usitazame nafasi yake darasani tu. Mwambie mtoto akusomee ukurasa mmoja. Mtihani wa darasa la nne bado uko mbali, usimtishe nao sasa.