Mtoto wa mbwa anatuamsha saa kumi kasorobo alfajiri

SWALI: Hujambo daktari. Tuna mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, chotara wa German Shepherd, jina lake Simba. Tunaishi nyumba ya kupanga ya chini huku Lanet, Nakuru, naye hulala jikoni ndani ya katoni. Alipofika alikuwa akiamka saa kumi na moja kasorobo. Siku hizi ni saa kumi kasorobo, na analia mpaka jirani anagonga ukuta. Nikimpa maziwa ya uvuguvugu ananyamaza, halafu anataka kucheza. Baba watoto anasema nimwache alie hadi achoke, tena eti nikimzoesha usingizi hatakuwa mlinzi. Usiku anakula nasi saa tatu, ugali na mchuzi wowote uliopikwa. Tunamtoa nje mara ya mwisho saa nne. Nifanyeje angalau alale hadi saa kumi na mbili?

JIBU: Pole, mama. Kabla hatujamlaumu Simba, tupige hesabu kidogo. Sisi madaktari wa mifugo hukadiria kwamba mtoto wa mbwa huweza kubana mkojo kwa saa zinazolingana na miezi yake, uongeze moja. Wa miezi mitatu basi ni kama saa nne. Akiwa amelala hujikaza zaidi kidogo. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi kasorobo ni saa tano na dakika 45. Huyo mtoto amejitahidi. Anapolia anakuambia kibofu kimejaa, na hataki kuchafua mahali anapolala.

Kwa hiyo kilio cha kwanza ni cha haki. Shida inaanza pale yanapokuja maziwa. Simba alilia kwa sababu ya mkojo, akalipwa maziwa, taa ya jikoni ikawashwa, mama mzima akakaa sakafuni kumbembeleza. Kesho yake tumbo lenyewe linamwamsha kuulizia maziwa, na keshokutwa anaamka mapema zaidi. Ndivyo saa kumi na moja kasorobo ilivyogeuka saa kumi kasorobo. Juu ya hayo, watoto wengi wa mbwa wakishaachishwa kunyonya hawamudu vizuri maziwa ya ng'ombe, huwaharisha, na anayeharisha haamki mara moja tu. Maziwa hayo tieni kwenye chai.

Sasa fanya jambo litakaloonekana la kichaa: amka kabla yake. Tega alamu saa tisa na robo. Mbebe akiwa bado na usingizi, usiwashe taa kubwa, usimsemeshe, mpeleke palepale anapokojoa kila siku. Akimaliza, neno moja la kumsifu kwa sauti ya chini, kisha arudi katonini. Hakuna maziwa, hakuna mchezo, hakuna video ya kuwatumia shangazi. Akikaa siku tatu bila kulia kabla ya alamu, isogeze mbele dakika 15. Siku tatu nyingine, dakika 15 tena. Akilia kabla yake ujue umeharakisha, rudi nyuma nusu saa. Mkienda hivyo, baada ya mwezi hivi mtakuwa mmekaribia saa kumi na mbili kasorobo, naye atakuwa na miezi minne na kibofu kikubwa zaidi. Safari ya mwisho ya usiku nayo isogezeni hadi saa tano kasorobo.

Tahadhari moja niliyojifunza kwa jasho langu. Nilipokuwa nafanya kazi Kisumu nilikuwa na kijibwa niliyemfundisha kwa njia hiihii, na wiki ya pili akaanza kulia kila simu yangu ilipotoa mlio, hata ukiwa ujumbe wa M-Pesa tu. Alikuwa ameshaijua alamu kuliko mimi. Weka simu itetemeke tu, chini ya mto.

Saa kumi na mbili ikifika, usimpe chakula palepale anapofumbua macho. Mtoe akojoe, koroga chai yako, fagia, ndipo saa moja umwekee bakuli. Tunataka asiunganishe kuamka na kula. Na akiwa katonini analia ilhali ametoka kukojoa dakika kumi zilizopita, ngoja anyamaze kwanza, hata kama ni kwa kuhesabu moja hadi kumi, ndipo umsogelee. Siku mbili tatu za mwanzo kilio kitazidi, kwa sababu anashangaa mbona kilichokuwa kikifanya kazi jana leo hakifanyi. Ukikata tamaa usiku wa tatu utakuwa umemfundisha kwamba dawa ni kulia zaidi. Mwambie jirani mapema, mama. Jirani aliyeombwa radhi kabla hagongi ukuta.

Hapo baba watoto ana nusu ya haki. Kutomlipa anayelia ni sawa, lakini kumwacha mtoto wa miezi mitatu alie na kibofu kimejaa ni kumlazimisha ajikojolee, na akishazoea kulala kwenye mkojo wake mtahangaika naye hadi ukubwani. Kuhusu ulinzi, asiwe na wasiwasi. Usingizi wa mbwa ni mwepesi, na moyo wa kulinda huja na umri. Hakuna mwizi anayemwogopa mbwa wa miezi mitatu, amelala au yu macho.

Chakula cha saa tatu usiku lazima kiondoke. Anachokula saa tatu hutafuta mlango usiku wa manane. Mpe mara tatu: saa moja asubuhi, saa saba mchana, na cha mwisho saa kumi na mbili unusu jioni. Maji awe nayo mchana kutwa bila kunyimwa, ila bakuli liondoe saa mbili usiku na umwonjeshe kidogo tu baadaye akihema kwa kiu. Na huo mchuzi wenu uacheni kabisa. Chumvi humfanya anywe maji kupita kiasi, na vitunguu ni sumu kwa mbwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Ukitaka kumpa omena, zioshe mchanga utoke, uzichemshe bila chumvi, uchanganye na ugali.

Kisha kuna sakafu. Nakuru si Kisumu. Mji wenu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Julai sakafu ya saruji alfajiri ni barafu. Katoni iliyowekwa juu ya saruji hunyonya baridi yote. Inua juu ya mbao mbili, tandika gunia kisha blanketi kuukuu. Nafasi iwe ya kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, isizidi, la sivyo atalala kona moja na kukojoa nyingine. Mwezi huu wa kwanza ningeisogeza karibu na mlango wa chumba chenu. Wengine hulia kwa upweke tu.

Kuna watu watakuambia utundike mapazia mazito kuzuia mwanga wa alfajiri. Ushauri huo unatoka kwenye video za Uingereza, ambako mwezi Juni jua la London huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Sisi tuko kwenye ikweta, jua letu ni kama saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Badala ya mapazia, kagua taa ya usalama inayomulika dirisha la jikoni, na lango linalofunguliwa kwa kishindo muuza maziwa akipita.

Mchana muache alale. Umri huo hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na watoto wakitoka shule wakamvuruga mpaka usiku, atachoka kupindukia, na aliyechoka hivyo hulala vibaya kama mtoto wa binadamu. Acheze nao saa kumi na moja jioni, ndani ya ua, si barabarani, kwa sababu chanjo za parvo, ugonjwa hatari wa virusi kwa watoto wa mbwa, hukamilika akiwa na wiki 16 hivi.

Kama hajapata dawa ya minyoo mwezi huu, anza na hiyo. Tumbo likiwa limevimba kama ngoma ilhali mbavu zinaonekana, au akijikuna usiku kucha, alamu haitasaidia kitu. Akitapika na kuharisha damu mlete siku hiyohiyo, hata iwe Jumapili. Na akikojoa kidogo kidogo kila baada ya dakika chache, au mkojo una damu, kinga ule wa asubuhi kwa upawa safi, umimine kwenye chupa yenye kifuniko, ulete kliniki kabla haujakaa saa mbili.