KNPA: "mtangulizi" au "chimbuko" la KNCU?

SWALI: Shikamoo mhariri. Ninaandaa kijitabu cha historia ya chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa, huku Moshi vijijini. Niliandika kwamba KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association, chama cha kwanza cha wakulima wetu wa kahawa) kilikuwa "mtangulizi wa KNCU" (Kilimanjaro Native Co-operative Union, muungano wetu wa ushirika). Katibu wetu amelikata neno hilo. Anasema mtangulizi ni mtu, chama hakiwezi kuwa mtangulizi, niweke "chimbuko". Mjumbe mmoja naye anataka "chanzo". Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katibu wako amekosea sababu, ila neno alilolichagua ndilo zuri zaidi.

Nianze na sababu yake. Ni kweli "mtangulizi" yumo katika ngeli ya A-WA. Lakini ngeli hiyo haijawahi kufungiwa watu pekee pale tunapotaja kazi au nafasi. Hapa Arusha kila siku tunasema Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hakuna anayeshtuka. Kampuni huitwa mwajiri, timu huitwa mshindi. Chama kinaweza kuwa mtangulizi bila kosa lolote.

Swali lenyewe ni la maana. Kutangulia ni kuwa mbele njiani. Aliyenitangulia sokoni hakunizaa, na huenda hata hanijui. Chimbuko ni jambo jingine. Kinachochimbuka hutoka ndani ya kitu, kama maji yatokavyo ardhini. Chukua mto Pangani: chimbuko lake ni miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Maji yanayobubujika Chemka, kule Boma Ng'ombe, huingia mto Kikuletwa, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaenda hadi baharini. Ni maji yaleyale. Ndiyo maana ukisema A ni chimbuko la B, unamwahidi msomaji kwamba ndani ya B kuna kitu kilichotoka A.

Sasa itazame KNPA kwa jicho hilo. Wakulima wa Kilimanjaro walikiunda mwaka 1925 kulinda masilahi yao ya kahawa. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 ikaja KNCU, safari hii ukiwa muungano wa vyama vya msingi kama chenu. Muundo ulibadilika, lakini kahawa ilikuwa ileile na wakulima walewale. Hapo "chimbuko" linakaa vizuri, na "mtangulizi" linapunguza ukweli.

Linganisha na Jumuiya iliyopo hapa kwetu. Ile ya kwanza iliundwa mwaka 1967, ikavunjika 1977. Mkataba wa hii ya sasa ulitiwa saini hapahapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Katikati pana miaka 22. Ningemhariri mtu anayeandika kwamba Jumuiya ya zamani "iligeuka" ya sasa, maana haikugeuka: ilikufa, kisha wazo lake likafufuliwa. Hapo "mtangulizi" ndilo neno.

"Chanzo" msilitumie. Watu wa maji wanasema vyanzo vya maji, sawa, lakini katika historia msomaji husikia sababu: chanzo cha ugomvi, chanzo cha moto. Ukiandika "chanzo cha KNCU" atangoja umweleze kilichowasukuma watu, si chama kilichokuwepo kabla. Na "asili" iachie kahawa yenyewe: asili ya arabika ni Ethiopia.

Kuna neno jingine huenda mtu akakuletea kikaoni, kwa kuwa siku hizi linasikika redioni, nalo hutajwa kwa kitu kinachotangulia kingine: "bashirifu". Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hulitumia katika "kemikali bashirifu", yaani kemikali halali za viwandani au hospitalini zinazoweza kuchepushwa zikatengenezewa dawa za kulevya. Limetoka kwenye kubashiri. Nalipenda sana, kwa sababu linabeba onyo: ukiiona kemikali hii, tazama inaelekea wapi. Lakini ni neno la kazi hiyo. KNPA hakikuwa bashirifu.

Kwa vyombo na mashine, nomino huwa nzito, tumia kitenzi. "Telegrafu ilitangulia simu ya mdomo" inatosha. Na hapo pana jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: "simu" ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na wazee wetu walipopiga simu walikuwa wanapeleka telegramu. Kilichotangulia kiliondoka, kikamwachia mwenzake jina.

Hata kwenye kijitabu chenu ningependelea kitenzi. Sentensi yenye "kilikuwa chimbuko la" ni sahihi, ila imekaa tu. Kiswahili kina "kuzaa", na mkulima yeyote atakayesoma ataelewa mara moja nani alitoka kwa nani. Mpelekee katibu hii:

"Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda KNPA. Chama hicho ndicho kilichozaa KNCU mwaka 1933, baada ya sheria ya ushirika ya 1932."

Akisisitiza nomino, mwachie "chimbuko", na kumbuka kuandika "chimbuko la", si "chimbuko ya" kama ulivyoandika kwenye ukurasa wa pili wa rasimu uliyonitumia.