Kuapdeti seva pekee hakutoshi kama mnapokea picha za wateja

Mkuu, umeuliza kama mfumo wenu unaopokea picha za vitambulisho uko salama, maadamu seva inaapdetiwa kila wiki na faili lazima liishie na .jpg. Hauko salama. Nasimamia mifumo ya aina hiyo, na hatari kubwa huwa inakaa mahali ambapo apdeti za seva hazifiki.

Picha inaangushaje seva? Faili hutaja lenyewe upana na urefu wake, na programu ya kulisoma mara nyingi imeandikwa kwa C, lugha isiyolinda mipaka ya memori. Chukua faili linalodai pikseli 32,769 kwa 32,768, kila pikseli baiti 4. Jumla ni 4,295,098,368, lakini namba ya biti 32 hufika 4,294,967,295 tu, ikizidi hapo inaanza tena sifuri. Programu inabaki na 131,072, inaomba memori ya kiasi hicho, kisha inaanza kumwaga pikseli zote humo. Zinazofurika zinafunika data nyingine, na aliyetengeneza faili ndiye anayechagua ziwe nini.

Septemba 2023 zamu ilikuwa ya libwebp, maktaba ya programu inayosoma picha za aina ya WebP: kosa CVE-2023-4863 (namba ya kulitambulisha), lililoripotiwa na Apple pamoja na Citizen Lab, maabara ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Toronto, likiwa tayari linatumika kushambulia. Majedwali ya Huffman, yanayotumika kufungua data ya picha iliyobanwa, yalitengewa nafasi kwa kudhani faili ni halali, hivyo faili lililopotoshwa liliandika nje ya nafasi hiyo kabla ya kukaguliwa. Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba libwebp ilikuwa ikijaribiwa mfululizo kwa kulishwa faili zilizovurugwa, na kosa hilo bado likapenya.

Kwetu libwebp ya Ubuntu, mfumo endeshi wa seva zetu, iliapdetiwa haraka kwa apt, chombo chake cha kuapdeti. Kumbe Pillow, maktaba ya picha ya lugha ya Python, ukiisakinisha kwa pip (kisakinishi cha Python), huja na libwebp yake ndani, na apt haiigusi kabisa! Ikabidi kuipandisha hadi 10.0.1, kontena moja (kifurushi kinachoendesha programu na faili zake peke yake) baada ya jingine. Kwa hiyo ingia ndani ya kila kontena uandike:

find / -name "libwebp*"

Ukiona kitu chini ya Pillow.libs au pillow.libs, hiyo ndiyo nakala ninayoisema. Ila nakala iliyochanganywa moja kwa moja ndani ya programu nyingine haitatokea hapo. Hiyo muulize mtengenezaji, na akuoneshe vesheni.

Halafu kazi ya kufungua picha itengeni: mchakato wake peke yake, usio na mtandao wala ufunguo wa hifadhidata, na memori yenye kikomo. Vipimo vikizidi mnavyohitaji, kataeni kabla ya kufungua. Na kwa kuwa mnapokea JPEG tu, iambieni Pillow hivyo, maana isipoambiwa hujaribu kila aina inayoijua, hata jina likiishia na .jpg:

Image.open(faili, formats=["JPEG"])

Hilo mnaweza kulifanya leo hii, kabla hata ya kumaliza kuzisaka nakala.