Kumpiga mkeo ukiwa usingizini: je, ni wewe uliyetenda?

Ndugu yangu, umeuliza kama una kosa kwa kumvunja mkeo jino ukiwa usingizini, ukiota unapigana na mwizi. Pole, na mpe pole zaidi yeye.

Kisheria mkono wako ulisogea, lakini wewe hukutenda. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya (Tanzania ni cha 10) hakimtii mtu hatiani kwa jambo lililotokea bila hiari yake. Kwa sisi Waislamu pia, kalamu ya kuandika madhambi imenyanyuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, kwa hiyo dhambi huna. Ila fidia ni jambo jingine: mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, humdai aliyelala alichoharibu, basi lipia hilo jino bila kubishana.

Sasa nenda kwa daktari. Tunapoota, kwa kawaida ubongo hulegeza misuli ili tusiigize ndoto. Kwa baadhi ya watu breki hiyo hushindwa, na wakati mwingine huwa dalili ya mapema ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka. Usipuuzie.

Na kuanzia leo umeshajua. Ukiendelea kulala naye kitanda kimoja kabla ya kutibiwa, huo ni uamuzi wako ukiwa macho, na hakimu anaweza kuuita uzembe. Tandika godoro chumba kingine usiku wa leo.