Mwanangu, akiba yangu inalindwa na Jumamosi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Morogoro. Sisi hatujambo. Mdogo wako yuko likizo, anamaliza mchele na kunisomea habari za kwenye simu, ambazo nyingine zimenisaidia kukujibu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema: "Mama, wewe huna daftari la malengo wala hujawahi kwenda semina, lakini akiba unaweka, wateja wanakuamini, na majirani hugombani nao. Mimi kila Januari naandika tabia kumi ninazotaka kujijengea, ikifika Machi sina hata moja. Nina kasoro gani?"

Huna kasoro. Una orodha ndefu, na unapambana nayo peke yako chumbani. Hayo mawili yanatosha kumwangusha mtu yeyote.

Hiyo akiba unayoisifu, ingekuwa inategemea moyo wangu tu, ingeishia Soko la Kingalu kwenye vitenge vipya. Unajua nilivyo mbele ya kitenge. Inayoilinda ni Jumamosi. Kikoba chetu kinakaa saa kumi jioni, barazani kwa mwenyekiti. Kila mtu ananunua hisa, moja hadi tano, wenzake wakimtazama, na kitabu chake kinagongwa mihuri palepale. Ukichelewa, faini. Simu ikilia katikati ya kikao, faini. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mwezeshaji aliyetufundisha alituambia mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakisaidiwa na shirika la CARE.

Wengi hudhani kufuli zile zimewekwa kwa ajili ya wezi. Mimi naona zimewekwa kwa ajili yetu. Mtu mwaminifu kabisa siku ya Jumamosi anaweza kubanwa na ada ya shule Jumanne usiku, na pesa ziko chini ya kitanda chake. Waliobuni sanduku hawakutaka kumjaribu. Walimwekea kufuli, kisha wakamwekea mfuko wa jamii wa kukimbilia akipata shida ya kweli, ila lazima aombe mbele ya watu.

Kwa hiyo mimi siku yangu ipo, saa ipo, kiasi ninachokimudu kipo, na wapo watu ambao nisipotokea, Jumapili asubuhi mmoja wao atabisha hodi kuuliza naumwa nini. Wewe unataka kuamka saa kumi na moja kufanya mazoezi, na hakuna mtu Dodoma nzima anayejua. Usipoamka, nani atakuuliza?

Halafu hizo siku 21 ulizoambiwa semina kwamba zinatosha kujijengea tabia. Mdogo wako amezitafuta zilikotoka. Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 kuizoea sura mpya. Watu wakalidondosha lile neno "angalau", wakazifanya siku hizo kanuni ya kila kitu. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta mambo mengine. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi, wakalifanya kila siku likifuata jambo lilelile, tuseme baada ya kifungua kinywa. Waliofuatilia vizuri walichukua wastani wa siku 66 hadi jambo likawa linajiendea lenyewe. Mwingine siku 18 tu, na mwingine ilikadiriwa angehitaji 254. Na aliyekosa siku moja hakuharibikiwa na kitu cha maana. Hilo la mwisho lishike, kwa sababu wewe ukikosa Jumanne unatupa wiki nzima, halafu mwezi.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Umegusia kama mzaha kwamba kazini wanakuita "Niko Njiani". Mimi sikucheka. Tangu lini mtu aliyevaa taulo akawa njiani? Najua kila mtu anasema hivyo, na anayeambiwa naye anajua ni uongo, ndiyo maana hauhesabiki. Lakini mwanangu, huwezi kudanganya watu kuhusu dakika 20 kila siku kisha ukategemea neno lako liwe zito siku utakapoomba mkopo au kutetea jina lako.

Sisi mafundi cherehani ndio wenye sifa mbaya kuliko wote hapo. "Njoo kesho" yetu inajulikana nchi nzima. Mteja anakuja kuchukua gauni la kicheni pati, anakuta kitambaa hata mkasi hakijaguswa. Nilipofungua banda langu niliamua kitu kimoja tu: sipokei kitambaa kabla sijafungua daftari. Naandika vipimo, naandika siku, na ukurasa wa siku ile ukijaa nasema sina nafasi. Msimu wa sare za shule na wiki ya Idi nawakatalia watu wengi. Wapo waliokasirika wakahamia kwa jirani. Wengi wamerudi, maana gauni lililokataliwa mapema mtu anatafuta fundi mwingine, ila gauni lililoahidiwa halafu likakosekana linamharibia harusi. Na umeme ukikatika, mimi ndiye ninayempigia mteja kabla hajapanda daladala. Simu ile ni nzito kuipiga, sikufichi, lakini ukiichelewesha inazidi kuwa nzito.

Hiyo ndiyo tabia yangu nyingine, na ukihesabu utaona ni ya daftari tu. Uaminifu ulikuja nyuma yake, na majirani pia. Wanaogombana na watu, wengi wanagombana kwa ahadi walizotoa bila kutazama ukurasa.

Kuhusu mwenzako unayeishi naye, mnayegombania umeme: mnazungumza LUKU ikishaisha, usiku, gizani, wote mmechoka. Hapo hata malaika wangetukanana. Chagueni siku, Jumapili mchana mkishakula, mtazame yuniti zilizobaki na nani ananunua zijazo. Akianza yeye kulalamika, mwache amalize. Wewe una haraka ya kujibu tangu utoto, na hiyo umeirithi kwa shangazi yako, siyo kwangu.

Orodha yako ya mambo kumi iache kwanza. Hata kusoma kitabu kila wiki, hata kuacha soda. Sikatai kwamba ni mambo mema. Nakuomba uanze na hili la kutosema uko njiani hadi mguu uwe nje ya mlango, na mwambie mtu mmoja kazini akudai shilingi elfu moja kila ukiteleza. Chagua yule mchoyo wa idara ya uhasibu uliyenisimulia, huyo hatasahau kudai.

Jumamosi, kikao chetu kikiisha, nitakupigia. Usinisomee mipango. Nitajie siku uliyoanza na jina la anayekudai, na kama umeshalipa faini, niambie umelipa ngapi.

Mama yako