Edison aligundua taa, aliivumbua au aliibuni?

Swali la leo limetoka Moshi, kwa mama mmoja anakaa Majengo, kaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la 5, kwenye zoezi aliulizwa Thomas Edison anajulikana kwa nini, akajibu 'aligundua taa ya umeme', kapigwa kosa, mwalimu wake kaandika pembeni kwa wino mwekundu 'alivumbua'. Baba yake anasema maneno yote ni sawa tu, mtoto kaonewa, mjomba wake naye anasema neno lenyewe ni 'alibuni'. Afu kwenye daftari lilelile kuna sentensi inasema Rebmann ndie aliegundua Mlima Kilimanjaro, hiyo imepigwa vema. Tumebaki tunaangaliana tu. Tusaidie."

Marahaba mama. Niseme mapema, kwenye taa mwalimu yuko sahihi, kwenye Kilimanjaro kateleza, mjomba hajakosea, na baba mtoto ana haki yake kidogo ambayo nitaifikia huko mbele.

Mi huwa najiuliza kitu kimoja tu, je hicho kitu kilikuwepo kabla huyo mtu hajatokea? Kama kilikuwepo ila watu walikuwa hawakijui, basi kimegunduliwa. Kama hakikuwepo kabisa mpaka yeye alipokaa akahangaika akakitengeneza, basi kimevumbuliwa. Taa ya Edison haikuwa imejificha kwenye kichaka huko Marekani inasubiri mtu apite aione. Mchukue Michael Faraday, mwaka 1831 kule Uingereza aligundua kwamba ukiingiza na kutoa sumaku kwenye koili ya waya, umeme unapita. Hiyo tabia ya sumaku ilikuwepo tangu dunia iumbwe, lakini jenereta iliyokuja baadaye kwa kutumia hiyohiyo tabia haikuwepo, jenereta ilivumbuliwa. Röntgen naye mwaka 1895 aligundua miale ya eksirei, ila mashine ya eksirei unayosimamishwa mbele yake hospitali ni uvumbuzi. Na Fleming mwaka 1928 alikuta ukungu umeota kwenye kisahani cha maabara na bakteria waliokuwa karibu nao wamekufa, hapo kagundua penisilini, hakuivumbua, maana ukungu ulikuwa unaitengeneza wenyewe bila kumuomba ruhusa, waliohangaika mpaka ikawa dawa ya kumpa mgonjwa ni Florey na Chain na wenzao, ndo maana Nobel ya 1945 waligawana watu watatu.

Kwa hiyo gundua ni neno la kukuta. Hata mtaani tunalitumia hivohivo, umeshuka kwenye kifodi pale stendi, unapapasa mfuko, unagundua pochi imebaki kwenye siti. Pochi hujaivumbua.

Ila kwenye vumbua sasa ndo kuna utamu, na hapa baba mtoto asikilize. Bibi yangu wa Marangu alikuwa anavumbika ndizi za mbege, ile pombe yetu ya ndizi, yaani anazifukia ziive, wengine wanasema kuvundika, yote utayasikia. Shimo linachimbwa pembeni ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, linatandikwa majani makavu ya mgomba, ndizi zinapangwa, juu majani tena, afu udongo, afu mnaambiwa msikanyage hapo. Zingine alikuwa anazipandisha darini juu ya moshi wa jiko. Siku ya kufukua unaisikia harufu kabla hujaona ndizi yenyewe, na sisi watoto tunagombania zile zilizopasuka ganda. Sasa angalia Kiswahili kinavofanya kazi: unaanika nguo, mvua ikija unazianua. Unatandika kitanda, unakitandua. Unabandika tangazo ukutani, mwenye ukuta anakuja analibandua. Unafunika sufuria, unaifunua. Na ukishavumbika? Unavumbua! Mwisho wa -ika unaondoka, unakuja -ua, na tendo linageuka kinyume chake. Kwa asili yake kuvumbua ni kukitoa nje kitu kilichokuwa kimefukiwa, na ndo maana ukifungua kamusi za zamani unakuta vumbua imeelezwa kama kukiona kitu kilichokuwa kimefichika, yaani kulekule kwenye kugundua. Kwa hiyo baba mtoto anaposema yote sawa hajatunga, angesema hivo zamani asingebishiwa.

Lakini maneno yanahama kama watu wanavohama. Siku hizi ukisikia uvumbuzi kwenye redio au kitabu cha shule, mara nyingi ni kitu kipya kilichotengenezwa, mashine, dawa, programu, na gundua imebaki na vile vya kukutwa. Wapo wanaoendelea kuyachanganya, hata magazeti leo yataandika mvumbuzi kesho mgunduzi kwa mtu huyohuyo, na mi sioni kama ni dhambi kubwa hivo. Ila mtoto akiwa kwenye mtihani aandike ile tofauti, ni nzuri, inatusaidia kusema vitu viwili bila kuzunguka.

Sasa tuje kwa Rebmann, maana hii sentensi inanikera tangu nikiwa na umri wa huyo mtoto wako. Johannes Rebmann alikuwa mmisionari Mjerumani, aliuona mlima Mei 1848, akaandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, na wasomi wengine wa London wakambishia miaka na miaka kwamba haiwezekani. Hiyo ni kweli na ni historia nzuri. Lakini kugundua kunataka mambo mawili, kitu kiwepo, na kiwe hakijulikani. La kwanza limetimia, mlima ulikuwepo. La pili sasa, haukujulikana na nani? Wazee waliokuwa wanalima migomba pale chini na kuita kile kilele Kibo kila asubuhi wingu likifunguka, wao walikuwa wanaangalia nini? Andika tu "Rebmann ni Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kilimanjaro", ndefu kidogo ila haimfanyi bibi yako aonekane alikuwa kipofu.

Ukitaka mfano wa ugunduzi hukuhuku kwetu usio na ubishi wa neno, chukua tanzanite. Mwaka 1967 kule Mererani jiwe lilikuwepo ardhini na lilikuwa halijulikani kwa mtu, na serikali ilimtambua mzee Jumanne Ngoma mwaka 2018 kuwa ndo mgunduzi wake. Jiwe liligunduliwa, ila jina tanzanite halikuchimbwa Mererani, hilo lilibuniwa mwaka uliofuata na Tiffany, kampuni ya vito ya New York iliyokuwa inataka kuliuza jiwe. Mgodi nao ulichimbwa, haukugunduliwa wala kubuniwa, kila kitu na kitenzi chake.

Mwingine ni Erasto Mpemba, na huyu watoto wa Moshi wangepaswa kumjua kuliko Edison. Mwaka 1963 akiwa mwanafunzi Magamba kule Lushoto walikuwa wanatengeneza askrimu, unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, afu ndo unaweka kwenye friji. Yeye akaona nafasi inaisha, akaingiza ya kwake ikiwa bado ya moto, na ikaganda kabla ya ya mwenzake iliyowekwa ikiwa haina moto. Aliuliza akachekwa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hakuacha kuuliza, mpaka mwaka 1969 yeye na Dkt. Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam wakachapisha andiko kwenye jarida la fizikia, na Mpemba wakati huo alikuwa anasoma chuo cha wanyamapori Mweka, hapohapo juu yenu. Wanasayansi mpaka leo wanabishana ni kwa nini inatokea na inatokea lini. Kwa Mpemba sema aligundua, maana maji na maziwa yalikuwa na tabia zao kabla yake. Ukiandika "Mpemba alivumbua barafu" hapo na mimi nachukua wino mwekundu.

Mjomba na kubuni yake sasa. Kubuni ni kutoa kitu kichwani, na ndo maana linafaa kwa mvumbuzi na linafaa kwa muongo pia, tuna hadithi ya kubuni, tuna mtu kabuni msiba ili apate ruhusa kazini. Kinachobuniwa kinaweza kuishia hapohapo kwenye wazo. Leonardo da Vinci alibuni mashine za kuruka, alizichora vizuri kweli, lakini hakuna iliyombeba mtu. Ndugu wawili Wright ndo waliofika kwenye kuvumbua, tarehe 17 Desemba 1903, ndege yao yenye injini ikakaa hewani sekunde 12 na kwenda kama mita 37 hivi, haitoki hata goli moja kwenda la pili uwanja wa mpira. Kwa Edison "alibuni" inakubalika, mjomba apewe maksi yake, ila mi naona inampunguzia jasho, kama vile alikaa tu akawaza.

Na kuna kubuni kunakofaa pale kitu cha aina hiyo kilikuwepo tayari. Dkt. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015, ya kwanza kabisa kutolewa na ile akademia ya wahandisi ya Uingereza, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo sana za nano. Machujio yalikuwepo zamani, kwa hiyo usiseme kavumbua kuchuja maji, sema kabuni aina mpya ya chujio. Na sisi wa kuzunguka Meru tunaojua maji yenye madini ya floridi yanavogeuza meno kuwa ya kahawia hatuhitaji kuelezwa kwa nini ilikuwa habari kubwa.

Kuunda ni mikono. Neno la watu wa pwani hili, jahazi linaundwa, ila limefika mpaka gereji za mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, fundi anachomelea vyuma mpaka inatoka mashine ya kupukuchua mahindi, kaiunda. Kila mwaka lazima tusikie kijana fulani "kavumbua gari", ukienda kuangalia ni injini ya pikipiki, tairi za toroli na akili nyingi. Gari halijavumbuliwa jamani, lilishavumbuliwa na Karl Benz aliyepata hataza yake mwaka 1886. Kijana kaunda gari, na kuunda siyo tusi. Hataza ni ule ulinzi wa kisheria anaopewa mvumbuzi ili wengine wasimuigie bila ruhusa, nalitaja kwa sababu watu wengi wanaandika patenti wakidhani Kiswahili hakina neno.

Nimalizie na Edison mwenyewe, maana hata ukishapata kitenzi sahihi bado sentensi inaweza kudanganya. "Edison alivumbua taa ya umeme ya kwanza" siyo kweli, taa za umeme za namna nyingine zilikuwepo miaka mingi kabla yake, na Joseph Swan wa Uingereza alikuwa anaonyesha balbu yake kipindi hichohicho. Edison mwaka 1879 alipata ya uzi wa pamba uliochomwa ukawa kaboni, baadaye akahamia kwenye mianzi ikawa inawaka zaidi ya masaa 1,200, na mwaka 1883 yeye na Swan wakaunganisha biashara zao Uingereza. Cha kumsifia ni balbu inayodumu, inayoweza kuuzwa, pamoja na mitambo ya kuipelekea umeme. James Watt hivohivo, tunaambiwa alivumbua injini ya mvuke wakati Newcomen alishakuwa na yake tangu 1712, Watt aliiboresha kwa kuiwekea chumba cha pembeni cha kupoozea mvuke, na hataza yake ni ya 1769. Kitenzi chake ni kuboresha, na alivoboresha vizuri tukampa neno zima, ndo ile wati unayosoma kwenye balbu dukani kwa mangi. Rudolf Diesel naye yuko kwenye kila kituo cha mafuta kama dizeli. Na usije ukamwita Bill Gates mvumbuzi wa kompyuta, huyo ni mwanzilishi mwenza wa kampuni ya programu ya Microsoft.

Kwa hiyo mtoto aandike "Edison alivumbua balbu ya umeme inayodumu" na hakuna wa kumpiga kosa. Kuhusu Rebmann usiende shule na daftari mkononi kama unaenda kushtaki, mtafute mwalimu siku ya kikao, muulize tu kwa upole wale wazee wa Kibo walikuwa wanaona nini, atacheka mwenyewe. Afu mama, umeniandikia "ndie aliegundua", vitabuni ni "ndiye aliyegundua", ila hiyo sikupigi kosa maana na mimi kwenye simu naandika hivohivo.